Vumbi la Kakola na taa ya bampa

Dereva mmoja wa Kahama, anayeendesha Land Cruiser ya kupeleka mafundi migodini Kakola na Geita, anauliza: kiangazi hiki afunge taa za njano au nyeupe? Habari za wati na bei wauzaji watamweleza. Mimi nabaki kwenye vumbi.

Husemwa kwamba njano hupenya zaidi. Kwa molekuli za hewa ni kweli, na mwanafizikia Rayleigh alilionyesha hilo mwaka 1871. Vumbi ni habari nyingine. Simama ufukweni Mwanza uangalie ziwa: wimbi refu hulipita tete kana kwamba halipo, viwimbi vifupi ndivyo vinavyovurugika. Ila kwenye Mwamba wa Bismarck, marefu kwa mafupi yote hugonga na kutawanyika. Molekuli ya hewa ni tete. Punje ya vumbi ya mikromita 10 ni mwamba, kwani wimbi la mwanga wa buluu ni mikromita 0.45 hivi na la njano 0.58; mbele ya punje hiyo yote mawili ni madogo, hivyo hutawanyika karibu sawa. Mwanafizikia Gustav Mie alikokotoa hesabu za mtawanyiko wa punje za namna hiyo mwaka 1908.

Kinachompofusha dereva ni nuru ya taa zake mwenyewe inayomrudia machoni. Mimi naiita mrejeo, na dawa yake ni mahali pa kufunga taa. Tuseme jicho liko mita 1.5 juu ya barabara, linatafuta shimo lililo mita 30 mbele. Taa ikiwa juu ya keria, jicho linatazama ndani ya mwanga mita zote 30, na vumbi la karibu ndilo linalong'aa zaidi kwa sababu nuru haijasambaa. Unaona ukuta. Ishushe kwenye bampa, nusu mita kutoka chini, iwe taa ya ukungu ambayo mwanga wake haupandi juu ya usawa huo. Sasa jicho linapita kwenye vumbi lenye giza hadi mita ya 20, ndipo linaingia kwenye mwanga. Mita 30 za mng'aro zimekuwa 10! Tena taa ya chini hurefusha vivuli, na kila ukingo wa shimo hujitokeza.

Basi anunue taa za ukungu, azifunge chini, na akilifuata lori azime fulu. Rangi achague mwenyewe: Ufaransa ililazimisha njano hadi 1993, na macho mengi huipenda. Za keria azitumie porini, hewa ikiwa safi.