Lesi Mbele ya Mwamuzi

Askari alijuaye gwaride la ukaguzi hatastaajabu akiambiwa kwamba lesi nayo hukaguliwa. Katika maonyesho ya majimbo huko Marekani, yaliyoanza New York mwaka 1841 mjini Syracuse, hawashindanishwi ng'ombe na mahindi tu. Wako pia mafundi waletao lesi walizozifuma kwa mikono, nao huwania utepe wa buluu, ambao huko ndio wa mshindi wa kwanza.

Fundi hana budi kusoma kanuni kwanza. Lesi ifumwayo juu ya mto kwa pini na vijiti vyenye nyuzi ina fungu lake. Ya sindano ina lake. Na ile ya kulabu, ambayo wake zetu hupambia viti na meza kambini, ina lake. Kazi iliyoandikishwa katika fungu lisilo lake yaweza kuondolewa, hata ingawa ni nzuri.

Kisha mwamuzi huinama. Hutazama kama uzi umevutwa kwa nguvu moja toka mwanzo hata mwisho, kama matundu yalingana, kama ncha za nyuzi zimefichwa, na kama kitambaa ni safi. Doa moja la chai laweza kumpokonya fundi matunda ya miezi mingi. Aghalabu jina la mwenye kazi hufichwa, ili cheo wala urafiki visiseme. Chema chajiuza.

Kwa nini watu wajitaabishe hivyo? Mwaka 1809 Mwingereza John Heathcoat alisajili uvumbuzi wa mashine ya kufuma wavu wa lesi. Mashine ziliposhika kazi, bei ilishuka, na wanawake wengi wakapoteza riziki ya mikono yao. Katika maonyesho, kazi ya mkono hupewa heshima ambayo bei ya dukani haiipi. Ndiyo maana kuleta lesi ya mashine na kuiita ya mkono ni aibu kubwa, sawa na kuvaa nishani usiyotunukiwa.

Basi, ndugu zetu wa jeshi na polisi, mwenye mke au dada afumaye na amhimize kujitokeza maonyesho yafanyikapo. Aulize kanuni mapema, afue kazi yake, afiche ncha za nyuzi, kisha aiache ijisemee. Asiposhinda, na amwulize mwamuzi kasoro i wapi, arudi mwaka ujao akiwa amejizatiti.