Doriani: Tunda Linalonuka Kama Gesi Lakini Lina Wapenzi Wake, Fahamu Faida Zake na Nani Asilile

Je, umewahi kusikia tunda lililowatoa watu mbio kwenye jengo? Aprili 2018, mamia ya wanafunzi na wafanyakazi walitolewa nje ya maktaba ya chuo kikuu cha RMIT, Melbourne, Australia, kwa kudhaniwa kuwa gesi inavuja. Zimamoto wakaingia na vifaa vya kupumulia, wakatafuta chumba hadi chumba. Walichokikuta ni doriani lililooza kabatini, harufu yake ikisambazwa na mfumo wa viyoyozi.

Kwa mtu wa Buzwagi, Bulyanhulu au Geita aliyezoea kazi za mgodini, harufu ya gesi ni ya kukimbia kwanza, maswali baadaye. Lakini hilo hilo tunda watu wanalinunua kwa hela nzuri, wanakaa chini na kulila kwa raha zao. Na si huko Asia tu. Lipo hapa hapa Tanzania.

Ukifika Unguja kwenye msimu wake, utalikuta soko la Darajani. Wenyeji wanaliita doriani, na mti wake unaota kwenye mashamba ya visiwani jirani na mikarafuu na mishokishoki. Asili yake ni Kusini Mashariki mwa Asia, Malaysia na Indonesia, ambako neno "duri" maana yake ni mwiba. Kutoka huko likavuka Bahari ya Hindi.

Kwa nini basi hulioni sokoni Kahama? Sababu kubwa ni mvua. Mdoriani unataka joto, unyevu hewani na mvua nyingi zinazogawanyika vizuri mwaka mzima. Unguja inapata kiasi cha milimita 1,600 kwa mwaka. Shinyanga kwa kawaida haifiki hata 1,000, halafu kuna kiangazi kikali cha kuanzia Juni hadi Oktoba. Mti wenyewe utateseka tu. Huku ni nchi ya embe na tikiti, na nanasi la Geita ambalo halihitaji kupigiwa debe.

Wengi wasiolijua hulichanganya na fenesi au stafeli. Fenesi ni kubwa zaidi na ganda lake lina vipele vifupi. Stafeli lina miiba laini inayopinda ukiigusa. Doriani lina miiba migumu mikali kweli kweli, na kwa kawaida huwa na uzito wa kilo moja hadi tatu. Likikudondokea kichwani kutoka juu ya mti, hapo si mchezo.

Sasa harufu. Inatokana na kemikali zenye salfa, jamii ile ile inayofanya yai viza na kitunguu vinuke. Mwaka 2017 watafiti wa Singapore walichapisha ramani ya vinasaba vya tunda hili, wakaonyesha kuwa doriani lina nakala nyingi kuliko kawaida za vinasaba vinavyotengeneza salfa hiyo, na vinafanya kazi kwa kasi tunda linapoiva. Porini harufu hiyo ina kazi yake: inawaita wanyama waje wale na kusambaza mbegu. Binadamu nao wana msimamo wao. Kwenye treni za Singapore ni marufuku kupanda nalo, na hoteli nyingi za Asia zimebandika tangazo la kulikataza.

Ladha ni kitu kingine kabisa. Nyama yake ni ya njano, laini kama kastadi nzito, tamu, yenye mafuta, na kwa mbali kuna kaharufu ka kitunguu. Wapo wanaoipenda kuanzia tonge la kwanza, wapo wanaotema. Ukitaka kujaribu, anza na kipande kidogo, tena mkiwa nje penye upepo. Lililoiva vizuri huanza kupasuka lenyewe upande wa chini. Shika kwa kitambaa kizito, ingiza kisu kwenye mistari ya ganda, kisha panua.

Tukija kwenye faida, hapa ndipo mitandao inapozidisha chumvi. Gramu 100 za doriani zina kalori kama 147, mara tatu ya chungwa. Zina nyuzinyuzi karibu gramu 4, potasiamu zaidi ya miligramu 430 (kuliko ndizi mbivu), na vitamini B1 inayofikia karibu theluthi moja ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Nyuzinyuzi zinasaidia choo, potasiamu inasaidia misuli na shinikizo la damu, B1 inausaidia mwili kugeuza chakula kuwa nguvu. Kwa mtu wa kazi za sulubu, hiki ni chakula cha kushibisha.

Vitamini C ipo, ila kama unatafuta hiyo tu usijisumbue kuvuka bahari. Pera la hapo nyumbani lina karibu mara kumi zaidi. Na yale maneno ya nguvu za kiume? Ushahidi kwa binadamu haujatosha. Anayekuuzia kama dawa anakuuzia maneno.

Kuna watu wanaopaswa kuwa makini. Mwenye kisukari ajue kuwa tunda moja la kilo mbili linaweza kutoa nusu kilo ya nyama, yaani zaidi ya kalori 700, na sehemu kubwa yake ni wanga na sukari. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari kabla ya kuonja, kwa sababu figo dhaifu zinashindwa kutoa potasiamu, na ikizidi kwenye damu inavuruga mapigo ya moyo. Hilo si la kujaribu bahati.

La tatu ni pombe. Huko Asia wazee wamekataza tangu zamani kuchanganya doriani na kilevi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, walipima maabara wakaona kuwa dondoo la doriani linapunguza kwa hadi asilimia 70 nguvu ya kimeng'enya kinachovunja sumu inayobaki mwilini baada ya kunywa. Sumu hiyo ikirundikana, uso unawaka, kichefuchefu kinapanda, moyo unakwenda mbio. Ni kipimo cha maabara, si cha watu waliokunywa na kula, lakini kinatosha kumfanya mtu achague kimoja: bia au doriani.

Mbegu zinaliwa zikichemshwa au kuchomwa, mbichi hapana.

Na kama uko visiwani unataka kuwapelekea watu wa Kahama waonje, toa nyama kwenye ganda, weka kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, gandisha kabisa kisha fungasha na barafu. Safari ya basi kutoka Dar ni kama kilomita 1,000. Ukibeba zima kwenye begi, kabla ya Chalinze konda atakuwa ameshaanza kuuliza begi hili ni la nani.