Jiliwa Inayozunguka na Tumbo la Nzi Bandia

Fundi wa Ngara au Biharamulo anayetaka kutengeneza nzi bandia, yaani ndoana iliyovishwa nyuzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu au kisamaki, asitegemee wanunuzi wa Mto Ruvubu wala Ziwa Burigi. Wavuvi wa huko mahitaji yao ni nyavu na nyungunyungu. Wateja ni wavuvi wa burudani: wanaosaka trauti katika mito ya Aberdare, Kenya, ambako samaki hao walipandikizwa Mto Gura mwaka 1905, au tigafishi wa Mto Mnyera katika bonde la Kilombero. Kenya imeshajenga kazi ya mikono hapo, na nzi wake huuzwa hadi Ulaya na Marekani. Manyoya ya shingo ya jogoo na singa za mkia wa ndama Kagera haikosi. Swali gumu ni kifaa cha kubania ndoana, na hapo mimi niko upande wa jiliwa inayozunguka.

Wauzaji huisifia kasi yake, na wanaizidisha sifa. Kazi nyingi ya uzi bado hufanywa kwa mkono, ndoana ikiwa imetulia. Faida yake kubwa ni jicho. Samaki yuko chini, kwa hiyo anachokiona kwanza ni tumbo la nzi, na jiliwa ya kawaida humwonyesha fundi ubavu mmoja tu. Mkono wa jiliwa inayozunguka ukizungushwa, unyoya uliopinda au fundo lililovimba huonekana kabla ya kufunga uzi wa mwisho. Utepe wa kung'aa nao hulala kwa nafasi sawa: kwa mkono wa kushoto unaushika ukiwa umekaza, kwa wa kulia unazungusha, uzi ukisubiri kwenye kijiti chake. Sharti ni kwamba shina la ndoana likae kwenye mhimili wenyewe. Zungusha polepole, shina likipanda na kushuka, jiliwa hiyo inageuza ndoana tu, haifai kuvingirishia.

Wapo watakaosema mafundi wa Kenya wamefunga nzi bora miaka mingi kwa jiliwa isiyozunguka. Ni kweli, ila vidole vyao vimeshajua upande ambao macho hayaufikii, na anayeanza leo hana vidole hivyo. Hoja ya bei ina uzito zaidi, kwani jiliwa nzuri huagizwa nje kwa fedha nyingi. Lakini sehemu inayozunguka si siri: ni ekseli iliyokaa kwenye gololi, kitu ambacho fundi baiskeli yeyote wa Biharamulo hukifungua, hukipaka grisi na kukirudisha bila kuwaza. Habu kuukuu iliyofungwa kwenye ubao inatosha kwa mhimili. Meno ya kubania ndiyo yasiyoigika, maana chuma laini huchimbika, ndoana ikaanza kuteleza uzi ukikazwa. Hayo yanunuliwe ya chuma kigumu. Habu itoke kwenye baiskeli chakavu.