Damu inaweza kusema kama kichwa kitapona?



Kulikuwa ndugu mumoja wa ekipi yetu aliyeangukiwa na jiwe. Kaske ikapasuka, kichwa hakikupasuka. Akakaa chini kidogo, akasimama: "Niko muzuri, tuendelee." Munganga akamuangalia, hakuona kidonda, akamupa siku mbili na karatasi ya kurudia kazi. Miezi ikapita, bibi yake akaja kuniona: "Baba delege, bwana yangu anasahau mpaka majina ya watoto. Usiku halali, muchana anakasirikia kila kitu." Tukaenda ofisini. Jibu lilikuwa moja tu: karatasi inasema alipona.

Juu ya ile karatasi ninataka tuzungumuze leo habari ya kipimo cha damu.

Kichwa kikigongwa, ubongo unatikisika ndani ya mufupa kama maji ndani ya bidoni. Chembe zake zingine zinapasuka, na vitu vilivyokuwa ndani vinavuja mpaka kwenye damu. Waganga wanafuata sana protini mbili. Moja inaitwa GFAP, inatoka katika chembe zinazoshikilia na kulisha neva. Ya pili ni UCH-L1, inatoka katika neva zenyewe. Kwa kawaida, ubongo ukiumia zaidi, nazo zinaongezeka katika damu.

Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha namna hii. Kilihitaji laboratware na saa kadhaa. Mwaka 2024 ikaruhusu kingine: damu ya mukononi, mashini ndogo ya kubeba, jibu kwa dakika 15 hivi, kama ajali haijapita saa 24. Kazi yake ni kusaidia munganga kujua nani anahitaji kupita skana.

Sasa, kupona je? Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watu zaidi ya 1,600 waliopimwa damu siku ya ajali, halafu wakaangaliwa tena nyuma ya miezi 6. Protini zikiwa nyingi sana, damu ilionyesha vizuri nani yuko katika hatari ya kufa ao ya kubaki kilema kikubwa. Lakini kwa wale ambao hawakupona kabisa na walibaki na shida ndogo-ndogo, kipimo hakikuonyesha vizuri. Damu inajua kusema "hatari". Haijui sana kusema "huyu atapona kabisa".

Kwetu sisi, neno lile ni kubwa. Siku mashini hiyo itaingia kwenye dispanseri ya kampuni, hatutakubali jibu zuri la siku ya kwanza ligeuke karatasi ya kumufungia mutu mulango. Ndugu yetu, hata damu yake ingetoka nzuri, angesahau tu majina ya watoto. Tunaomba kipimo, ndiyo, na tunaomba tena mutu aitwe na aangaliwe upya kisha miezi 6.

Kwa sasa, kichwa kikigongwa, fanyeni hivi. Andikeni saa na majina ya walioona. Ombeni ajali itangazwe kwa CNSS, hata kama hakuna damu iliyomwangika. Usiku ule mugonjwa asilale peke yake, asinywe pombe. Akitapika mara kwa mara, akichanganya maneno, akishikwa na degedege, mukono ukilegea, ao ikiwa ni vigumu kumuamusha: hospitali mara moja, musingoje asubuhi.

Na ninyi wamama, munayoona nyumbani hakuna mashini inayoyaona. Yaandikeni, pamoja na tarehe, na muyalete sendika. Ile karatasi ya ofisi nayo inajibiwa na karatasi.