Sura kwa Vizibo: Kwa Nini Singida Haihitaji Matofali ya Kununua

Picha ya uso inaweza kuvunjwa vipande vipande na bado ikabaki sura ya mtu yule yule. Igawe visanduku 48 kwenda chini na 48 kwenda kando, kila kisanduku ukipe rangi moja tu, na utapata vipande 2,304 ambavyo kimoja kimoja havisemi kitu, lakini vikikaa pamoja vinamtaja mwenye sura. Kampuni ya LEGO ya Denmark iligeuza kanuni hiyo kuwa bidhaa mwaka 2016 katika duka lake la London. Mteja alipigwa picha kwenye kibanda, akaondoka na boksi la vipande vya matofali ya kuchezea vya rangi tano (nyeupe, nyeusi, manjano na kijivu cha aina mbili) pamoja na mchoro wa kumwelekeza kila kipande kikae wapi. Mwaka 2020 boksi hilo likaanza kuuzwa kwa watu wanaotumia picha zao wenyewe wakiwa nyumbani, kwa bei ya karibu dola 130, yaani takriban shilingi laki tatu. Kwa familia ya Ikungi au Iramba, mkoani Singida, inayotegemea alizeti na vitunguu, hizo ni fedha nyingi mno kwa picha moja ya ukutani. Lakini kilicho adimu ndani ya boksi lile si plastiki. Ni uamuzi wa nini kibaki na nini kiachwe pale picha inapopunguzwa, na uamuzi huo mkoa wa Singida unaweza kuufanya wenyewe, kwa vifaa vyake na kwa mikono iliyokwisha kuuzoea.

Tuanze na jicho. Mwaka 1973 mtafiti wa Marekani, Leon Harmon, alionyesha picha ya Rais Abraham Lincoln iliyopunguzwa hadi kuwa visanduku vichache vya kijivu. Ukiitazama kwa karibu unaona viraka tu. Ukirudi nyuma hatua kadhaa, au ukikodoa macho, Lincoln anatokea. Hii ni kwa sababu tunaitambua sura kwanza kwa mpangilio wa mwanga na giza: kivuli cha macho, mstari wa pua, ukingo wa taya. Nywele moja moja na mikunjo midogo huja baadaye. Ndiyo maana rangi tano zinatosha. Pale ambapo kisanduku kinaangukia katikati ya kijivu na nyeupe, programu za kompyuta hutumia mbinu iliyobuniwa na Robert Floyd na Louis Steinberg mwaka 1976: kisanduku hupewa rangi iliyo karibu zaidi, kisha tofauti iliyobaki hugawiwa visanduku jirani, ili eneo zima kwa pamoja lisogee karibu na mwanga wake halisi. Hesabu yenyewe ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Kujenga sura kwa kuhesabu si jambo geni Singida. Kikapu cha Kinyaturu huanzia kwenye kitovu. Msusi hukusanya fungu la nyasi, akalizungusha duara juu ya duara, huku akilishona kwa sindano na ukambaa. Kila mshono unamtaka aamue: ukambaa wa rangi ya asili, au uliotiwa rangi? Nakshi haichorwi juu ya kikapu kilichokamilika, bali huzaliwa humo humo kadiri mishono inavyoongezeka. Na kazi hii ni ngumu kuliko ya matofali, kwa kuwa kwenye matofali kila mstari una vipande 48 tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali kwenye kikapu kila duara ni pana kuliko lililotangulia, na msusi lazima aiongeze hesabu bila kuipindisha nakshi. Kosa la karibu na kitovu hukua pamoja na kikapu. Kadhalika wanawake wa Kibarabaigi wanaopamba sketi zao za ngozi kwa shanga hupanga rangi punje kwa punje. Anayesema kwamba mozaiki, yaani picha iliyopangwa kwa vipande, ni jambo la kufundishwa kutoka Ulaya hajautazama mshono wa kikapu kwa karibu.

Vifaa navyo vipo. Kizibo cha soda cha bati, chenye meno 21, kinajulikana kwa kila mtoto aliyejifunza kuhesabu kwa vizibo darasani, na kwa kila kijana aliyecheza drafti kibarazani. Kikikaa ubaoni kinachukua nafasi ya karibu sentimita tatu. Mraba wa vizibo 48 kwa 48 ungefika sentimita 144, na huo unazidi upana wa bamba la kawaida la plaiwudi, ambalo lina sentimita 122. Basi afadhali 40 kwa 40: sentimita 120, nusu ya bamba moja, vizibo 1,600. Kreti moja ina chupa 24, hivyo kreti 67 zinatosha, na kwa duka la vinywaji la Singida mjini au la Manyoni hilo ni suala la kuweka ndoo tu na kusubiri. Mgongo wa kizibo unang'aa, na nyuso zina wekundu, chungwa na kijani. Zile toni zinazokosekana hupatikana kwa kopo dogo la rangi nyeusi na jingine la rangi nyeupe. Bila kompyuta, chapisha picha kwenye karatasi ya A4, ichore mistari kila baada ya milimita nne, kisha ipe kila kisanduku namba, kutoka moja ya weupe hadi tano ya weusi.

Hapa ndipo sababu kubwa ya kuifanya kazi hii wenyewe inapoonekana. Kwa miongo kadhaa kampuni ya Kodak ilisawazisha rangi za picha kwa kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, na nyuso nyeusi mara nyingi zikatoka kama kivuli tu. Mozaiki inaweza kulirudia kosa hilo. Ukigawa toni tano sawasawa kuanzia anga jeupe la mchana hadi kivuli cha mti, uso wa Mnyaturu utaangukia wote kwenye toni mbili za mwisho, na sura itapotea. Dawa yake ni kuzipanga toni kwa kufuata uso: sehemu ing'aayo zaidi ya paji iwe namba moja au mbili, kivuli cha shingo kiwe namba tano, na ukuta wa nyuma ukae popote. Picha yenyewe ipigwe kivulini, pembeni mwa mlango ulio wazi, si juani saa saba. Anayemfahamu mwenye sura hujua pia kwamba kovu la shavuni au mwanya wa meno hauwezi kuachwa, hata kama hesabu inataka uachwe.

Wapo watakaosema kwamba huu ni mchezo wa watoto, na kwamba simu inatoa picha iliyo wazi zaidi bila jasho. Ni kweli picha ya simu ina mamilioni ya nukta, na kwa kumbukumbu ya haraka haina mpinzani. Lakini picha ya simu haimfundishi mtu chochote kuhusu jinsi picha inavyofanya kazi, ilhali mwanafunzi aliyepanga vizibo 1,600 amekutana na wastani, uwiano na eneo katika kazi moja, na akaona jibu lake likigeuka kuwa uso. Wengine watapendekeza mbegu badala ya vizibo, kwa kuwa alizeti na mtama vina toni nzuri za asili. Pendekezo hilo tulikatae: katika mkoa wa nusu ukame, ambako mvua ikikosekana ghala huwa tupu, chakula hakibandikwi ukutani. Ipo pia hofu kwamba vizibo hukata vidole na kushika kutu. Hofu hiyo ni ya haki, na inajibiwa kwa kuyalaza meno kuelekea ndani kwa nyundo na kuutundika ubao ndani, mbali na mvua.

Pingamizi zito zaidi ni hili: je, hatutavipunguzia thamani vikapu kwa kuvilinganisha na vizibo? Hali ingekuwa hivyo kama mozaiki ingechukua nafasi ya kikapu. Ikifundishwa na wasusi wenyewe, wakialikwa shuleni kama walimu wa hesabu ya nakshi, inafanya kinyume chake, kwa sababu mtoto ataona kwamba maarifa anayoyahitaji ili kujenga sura ya babu yake yamekuwa mikononi mwa bibi yake siku zote. Walimu wa hesabu na wa sanaa wa Singida hawana haja ya kusubiri mradi wala mfadhili. Wakusanye vizibo, wamwalike msusi, wachague picha ya mzee anayeheshimiwa kijijini, na kazi ianze muhula huu.