Cheti cha Mgonjwa na Mkono wa Tajiri

Kijana wa dukani Kariakoo anapoteleza ngazini na jora la kitambaa begani, akavunjika mkono, aghalabu tajiri wake ndiye ampakiaye katika bajaji, ndiye alipaye hospitali, na maadamu ndiye alipaye, hujiona ana idhini ya kukishika cheti, kukisoma kwa sauti mbele ya wateja, na kuipiga picha eksirei akaituma katika kundi la wafanyakazi la WhatsApp, ili wenziwe wasadiki kwamba hasingizii. Huruma yake haina shaka. Lakini hapo huruma imekwisha kugeuka dhuluma.

Si kwamba mwajiri hana haki ya kujua lolote. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 imemtwika dhima ya kutoa taarifa ya ajali, na Mfuko wa Fidia, yaani WCF, ulioanza kazi Julai 2015 na ambao huchangiwa na waajiri, hauwezi kulipa pasipo tabibu kueleza mfupa gani umevunjika, umevunjikaje, na ulemavu gani umebaki. Illa haja hiyo ina mpaka wake. Mkono uliovunjika hauhusiani na kisukari cha kijana, wala kifua kikuu alichougua zamani, wala, akiwa ni binti, mimba ambayo hajamwambia hata mama yake. Tajiri yamtosha kujua jeraha lililopatikana kazini, siku za mapumziko, na kazi ambayo mgonjwa ataiweza arudipo. Na mengi ya hayo yamo katika kile kikaratasi kifupi cha daktari cha kumpumzisha mgonjwa, ambacho wafanyakazi hukiita ED.

Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 16, imeihifadhi faragha ya kila mtu. Fauka ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imezihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, zisizoshughulikiwa bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, isipokuwa pale sheria inaporuhusu, kama katika matibabu. Na ridhaa hiyo aweza kuitengua wakati wowote bila kudaiwa sababu wala ada. Kuhusu virusi vya UKIMWI, sheria yake mahsusi, nayo ya mwaka 2008, imeyafanya majibu ya kipimo kuwa siri.

Lakini nani atamkatalia tajiri, naye kesho anataka kuitwa kazini? Kibarua asiye na mkataba wa maandishi huona haya, hunyamaza, na uvumi hutangulia kufika Mtaa wa Kongo kabla bendeji haijakauka. Na picha nazo huenea vivyo hivyo: lilipoporomoka ghorofa moja la Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, picha za majeruhi zilizagaa simuni ilhali waokoaji wangali kifusini, na wengi waliozituma walidhani wanafanya wema.

Basi, ewe mfanyakazi, mwombe daktari akuandikie cheti kitajacho jeraha na mapumziko tu, na faili lako lisikabidhiwe mtu mwingine. Ukidaiwa zaidi, omba dai hilo liandikwe, na sababu yake itajwe. Siri yako ikitangazwa, mlango wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi uko wazi kwa malalamiko. Nanyi matajiri wa Kariakoo, zifuteni leo picha za eksirei zilizomo katika simu zenu.