Nani asema sayansi haina Kiswahili?

Juma lililopita, ndani ya matatu, nilijikuta nikibishana na mwalimu mmoja wa fizikia. Alishikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, maamkizi na siasa. Inaponenwa habari ya atomu, alisema, hakina budi kunyamaza. Sikuwa na jibu la haraka. Nilipofika nyumbani ndipo nilipomkumbuka Satyendra Nath Bose.

Bose alizaliwa Calcutta mnamo 1894, India ikiwa chini ya Mwingereza. Mwaka 1924 alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Dhaka, hana shahada ya uzamifu, wala Ulaya hakuwa na jina. Siku hizo wanafizikia walikuwa na kanuni ya Max Planck ya mwaka 1900, inayoeleza jinsi kitu chenye joto kinavyotoa nuru kwa vifungu vifungu. Kanuni ilifanya kazi, ila uthibitisho wake ulikuwa umeegemea fizikia ya kale ambayo yenyewe iliipinga.

Bose aliitazama upya namna ya kuhesabu. Chukua, msomaji, sarafu mbili uzirushe. Zaweza kuangukia zote picha, zote nembo, ya kwanza picha na ya pili nembo, au kinyume chake. Hali ni nne, na kupata picha mbili ni bahati ya moja kwa nne. Sasa tuseme sarafu hizo hazitofautiki kabisa, hakuna "ya kwanza" wala "ya pili". Zile hali mbili za mchanganyiko zinakuwa moja, na bahati yako ni moja kwa tatu. Bose alizihesabu chembe za nuru hivyo, na kanuni ya Planck ikajitokeza pasipo kuazima kitu kwa wazee.

Jarida moja la Uingereza halikuichapisha makala yake. Basi tarehe 4 Juni 1924 akamwandikia Albert Einstein, mtu asiyemjua, akimwomba aisome na, akiiona inafaa, amsaidie ichapishwe Ujerumani. Hebu fikiri ujasiri huo! Einstein aliitafsiri kwa Kijerumani kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaipanua hesabu ile hadi kwenye atomu. Alitabiri kwamba katika baridi kali mno atomu zingekusanyika zote katika hali moja. Jambo hilo lilithibitishwa maabarani Marekani mwaka 1995, Bose akiwa amekwisha kufariki tangu 1974. Leo jamii nzima ya chembe za ulimwengu huitwa bosoni kwa jina lake. Tuzo ya Nobel hakupewa, ingawa wengine waliipata kwa kazi iliyosimama juu ya yake. Hilo hunikera mpaka leo.

Lakini si hesabu zake zilizonijia usiku ule. Mwaka 1948 Bose alianzisha huko Calcutta chama cha kueneza sayansi kwa Kibengali, chenye jarida liitwalo Jnan o Bijnan, yaani Maarifa na Sayansi. Waliosema haiwezekani aliwajibu kwamba ama hawakijui Kibengali ama hawaijui sayansi.

Mwalimu wangu ataniuliza istilahi zitatoka wapi, na mtihani je, ambao mtoto ataufanya kwa Kiingereza? La mtihani lina uzito, nakiri. La istilahi halinitishi: tumekwisha kusema atomu na elektroni, na habari ya sarafu umeielewa sasa hivi bila kamusi.

Mwaka 1963, ule ule tuliopandisha bendera yetu, jarida la Bose lilitoa toleo zima la makala za utafiti mpya, zote kwa Kibengali. Nikikutana tena na mwalimu yule garini, nitaanzia hapo.